Povu Juu ya Shimo la Matofali

Nianze na chura mwenyewe, maana katika habari hii yote yeye ndiye hakuwa na kosa, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Ni chura wa mtini, wa rangi ya majivu, jike lake linaenea kwenye kiganja. Kwetu Naviundu, pembeni mwa mji wa shaba, karibu kila nyumba inaye, ila wengi hawajui kama wanaye. Kiangazi chote anakaa tu. Anakaa juu ya fremu ya mlango, nyuma ya tangi la maji, kwenye ukuta wa jikoni, miguu ameikunja chini ya tumbo, macho ameyafumba nusu. Vyura wengine wakati huo wamejificha chini ya matope na mawe, mpaka mvua iwatoe. Huyu anaota jua. Nasema anaota jua, saa sita mchana, juu ya bati! Na jua likizidi anageuka rangi: majivu yanapauka, yanapauka, mpaka anakuwa mweupe kama chaki ninayoshika darasani, na weupe huo ndio unaolirudisha joto lilikotoka. Ngozi yake inabana maji yasitoke. Hata mkojo haupotezi ovyo, anatoa kitu kizito cheupe kama kuku. Mimi nafundisha biolojia sekondari. Miaka nenda miaka rudi nimewaambia wanafunzi kwamba chura hawezi kukaa mbali na unyevu, halafu narudi nyumbani namkuta bwana huyu ameketi ukingoni mwa jiko la makaa lililozimika, ananitazama.

Mama yangu, ninayeishi naye tangu baba afariki, hampendi hata kidogo.

"Tosha ile kitu mu jikoni yangu!"

"Mama, anakula mbu."

"Akule mbu ya kwake!"

Basi namshika polepole na kumtoa nje. Vidole vyake vya mbele vimegawanyika viwili viwili, viwili vinatazama huku na viwili vinatazama kule, kwa hiyo anakamata kidole changu jinsi mtoto mchanga anavyokamata cha mama yake. Nikimweka kwenye ua anapanda ukutani, na baada ya muda anakuwa amerudi jikoni. Mama anapiga kelele tena, na mimi namtoa tena. Hayo ndiyo maisha yetu ya kiangazi.

Mvua zikianza anaondoka. Hapo ndipo hadithi inapohamia shambani kwa mama.

Shamba lake liko Annexe, mahali ambapo watu walikuwa wakichimba udongo na kuchoma matofali, wakahama wakaacha mashimo. Shimo moja kubwa liko mwisho wa matuta yake, na mpera mmoja mzee umeinama juu yake, matawi yake yote yako upande wa maji. Mama analima mchicha, ambao kwetu ni lengalenga, matembele, na kabichi tunayoiita shu. Zamani alikuwa akinywesha kwa maji ya mto. Halafu mwaka juzi mto uligeuka rangi. Sijui nani alifanya nini huko juu, na sitasema nisichokijua. Nilichokiona kwa macho yangu ni samaki wakielea matumbo juu, na mashamba ya majirani wa bondeni yakikauka kuanzia pembeni. Maji yalikuwa na povu. Povu la njano lililokaa kwenye kona za mto na halikutaka kuondoka hata upepo ulipovuma.

Tangu hapo mama hakugusa mto. Alinywesha kwa maji ya shimo, maji ya mvua tu, na habari hiyo ilisambaa. Akina mama wanaonunua mboga kwa tuta zima ili wakauze sokoni walikuja kwake kwa sababu hiyo moja: mboga zake hazijaonja maji ya mto. Ndizo zilizompa jina. Hana pensheni, hana mume, na mshahara wangu wa ualimu, wacha niseme ukweli, unakuja ukipenda. Wale wanunuzi wakiacha kuja, shamba limekwisha, na mama bila shamba simjui ni mtu gani. Yeye mwenyewe hajijui.

Mwaka huu mvua zilianza vizuri. Shimo lilijaa. Jumamosi moja nilitangulia shambani alfajiri, kabla jua halijachomoza, nimsaidie kunywesha miche ya shu. Nikasikia sauti ndogo juu ya mpera, krii, krii, kama mtu anayekwaruza kitana kwa kucha. Nilienda kutazama, na jamani, niliduwaa pale na ndoo mkononi.

Alikuwepo jike, amejishika kwenye tawi juu kabisa ya maji. Dume dogo lilikuwa limemkumbatia mgongoni, na madume mengine mawili yamemng'ang'ania ubavuni, yanasukumana. Jike lilikuwa likitoa ute, na wote kwa pamoja walikuwa wakiupiga kwa miguu ya nyuma, piga, piga, piga, hadi ute unavimba na kuwa povu jeupe. Ukishawahi kupiga ute wa yai kwa uma unajua ninachosema. Mayai yalikuwa yakiingia humo humo ndani ya povu. Alipochoka, aliteremka mpaka majini na wale mabwana wakiwa bado wamemng'ang'ania, akakaa, akanyonya maji kwa ngozi ya tumbo, akapanda tena, wakaendelea. Hakuna chura mwingine nimjuaye anayefanya kazi ya namna hiyo. Mayai yakiwekwa majini yanaliwa na samaki na wadudu. Yeye anayatundika hewani. Ngozi ya nje ya povu inakauka na kuwa ngumu, ndani kunabaki unyevu. Mayai yanaanguliwa humo, viluwiluwi vinakaa siku chache vikijiviringisha, halafu sehemu ya chini ya kiota inalainika na vinadondoka kimoja kimoja ndani ya maji. Lazima maji yawepo chini. Yasipokuwepo, basi. Mama chura amekwisha kwenda zake, hana namna ya kujua.

Wiki ile walikuja wengi. Mpera ulijaa mafungu ya povu, mengine makubwa kama embe, yote meupe, yote juu ya maji ya mama.

Mnunuzi wa kwanza aliyeyaona ni mama mmoja mnene mwenye sauti, ndiye anayewaongoza wenzake. Alifika na beseni lake kichwani, akatazama mpera, akasimama.

"Eh! Mama. Ile iko nini?"

Mama akatazama. Yeye huwa hatazami juu, maisha yake yote yako chini kwenye matuta. Nilimwona uso ukibadilika.

"Mayo wee," akasema.

"Ni vyura," nikasema mimi. "Ni viota vya vyura. Mayai yamo ndani."

Walinitazama kama watu wanavyomtazama mtoto anayeingilia mazungumzo ya wakubwa.

Jirani yetu wa shamba aliitwa. Ni mzee mpole, amefanya kazi kiwandani mpaka alipostaafu, kule wanakooshea mawe ya shaba kwa asidi. Vidole vyake viwili vimelika, havina kucha kwa ajili ya kazi hiyo. Ni mtu anayewapa watu mbegu bure. Nasema hivi ili mtu asije akadhani namchukia. Alitazama povu, akatazama maji, akavuta pumzi puani.

"Asidi iko inapanda na mvuke," akasema. "Inakamata mu majani. Ku usine tulikuwa tunaona vile juu ya mabomba. Udongo ya huku yote iko na shaba, mama. Mayi ya shimo ikikaa, inaitosha inje."

"Baba, heshima zangu kwako," nikamwambia, "lakini asidi haichagui tawi. Mbona povu halipo majini, liko hewani peke yake?"

"Njo maana nasema mvuke, madame."

Kila kitu kilikuwa kwenye nafasi yake kichwani mwake.

Nilifanya nilichoweza. Kulikuwa na kiota kimoja tu ambacho mkono ulifika, pembeni kabisa mwa shimo. Nilikikata na tawi lake, nikakiweka juu ya jani la shu, nikakipasua mbele yao wote. Mayai yalikuwa mle, madogo, meupe, yameshikana.

"Mnaona? Mayai!"

Yule mzee akainama, akasogeza kwa kijiti. Akatikisa kichwa kwa huruma kabisa.

"Ni chumvi, madame. Asidi ikianza kukauka inatosha chumvi ya vile vile. Tulikuwa tunakomba na pelo," mikono yake ikiigiza koleo.

Wale akina mama wakarudi nyuma hatua nzima. Nikajisikia kulia. Ningekuwa nimewaonyesha simba angalau wangeamini kwamba ni mnyama. Mama akanivuta kando na kuninong'oneza nitupe ile takataka, ninamwaibisha mbele ya watu wake. Kiota chenyewe kilikauka juani pale pale, na ushahidi wangu ukawa vumbi.

"Mama, nisikilizeni," nikamwambia yule mkubwa wao. "Nipeni siku kidogo. Viluwiluwi viko karibu. Vitadondoka vyenyewe, mtaviona vina mkia, vinaogelea. Siku ya soko mpite hapa asubuhi kwanza."

Alifikiri. Si mtu mbaya, naye ana wateja wa kuwajibu.

"Sawa, tutapita. Lakini leo hatukate kitu. Bantu ba soko bakisikia mboga iko na asidi, njo mimi banapiga."

Wakaondoka na mabeseni matupu, na mama akabaki amesimama katikati ya lengalenga iliyokomaa. Lengalenga haingoji. Ikipita wakati wake inatoa maua na hakuna anayeitaka. Kila siku iliyofuata aliamka akaenda kuitazama, akarudi, na chakula alichopika kilikuwa na chumvi nyingi au hakina kabisa.

"Una hakika?" aliniuliza mara moja, mgongo wake kwangu.

"Nina hakika, mama."

"Wewe ulisoma. Na yule baba alifanya kazi mule ndani, vidole bilikwisha. Mimi nishike neno ya nani?"

Ningekuwa yeye, labda ningemshika mwenye vidole vilivyokwisha.

Siku ya soko walikuja kweli, wengi kuliko nilivyotarajia, wengine ni watu wa njiani tu waliosikia kwamba kuna madame anangoja vyura wanyeshe kutoka mtini. Utani ulikuwa mwingi. Mmoja akauliza kama tulete sufuria. Jua lilikuwa kali tangu asubuhi, anga tupu. Viota vilikuwa vimekauka nje, vimekuwa vya rangi ya mkate, vimetulia. Tukatazama juu. Shingo zikauma. Hakuna kilichodondoka.

Nikasema ngozi ya nje imekauka, wanangoja unyevu. Nikasema nilete mti mrefu nigonge tawi moja tu. Nilikwisha kuushika, na yule mzee akaushika upande wa pili kwa mikono yote miwili.

"Hapana, madame, kwa Mungu. Itaturukia mu macho."

Wanawake wakapiga kelele na kukimbia nyuma ya matuta. Nikasema basi, nitaingia majini mwenyewe, nivifikie. Mama akanishika sketi. Ananishika sketi, mimi mwanamke mzima, mwalimu, mbele ya watu.

"Ukiingia mule mimi nakufa," akasema. Hakuwa akitania.

Nikasimama. Nilikuwa na hasira mpaka meno yaliniuma, na sikuwa na mtu wa kumkasirikia. Kila mtu pale alikuwa akimlinda mwenzake.

Ndipo yule mnunuzi mkubwa akasema neno ambalo kila mtu alikuwa akilingoja, kwa sababu mji huu wote umelelewa na asidi na kila mtu anajua dawa yake.

"Mama, weka chokaa. Tukiona kwa macho umeweka chokaa, tunakata mboga leo leo."

Mzee alikuwa na mifuko yake ya chokaa nyumbani, ya kupaka ukuta. Aliileta kwa baiskeli, hakutaka kitu. Nilimwambia mama kwamba chokaa itaua kila kilichomo. Nilimwambia taratibu, halafu nikamwambia kwa sauti. Akanitazama, uso umechoka.

"Mule hamna kitu, mwanangu. Tumengoja, si tumengoja? Wewe mwenyewe umeona hamna kitu."

Wakamwaga. Unga ule ulitanda juu ya maji, ukatoa moshi kidogo, halafu ukazama, na shimo zima likageuka maziwa. Mzee alizunguka ukingo akitupa kwa pelo, kwa uangalifu, kama anavyofanya mtu anayejua kazi yake. Watu wakashangilia. Wakaingia kwenye matuta, wakakata lengalenga yote, wakakata matembele, na yule mkubwa akamkumbatia mama, akamwita dada. Mama alikuwa anacheka. Sikuwa nimemwona akicheka tangu siku ya kwanza ya povu. Nami nilikuwa nimeketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikifurahi kwa ajili yake na nikiyahesabu mafungu ya povu juu ya yale maziwa, vyote pamoja.

Waliondoka. Tulibaki wawili, tukisafisha matuta yaliyokatwa. Baada ya saa sita mawingu yakaja kutoka upande wa Kinsevere, meusi, haraka, na upepo wenye harufu ya udongo. Nilisimama. Mama akasema tukimbilie kibandani. Sikwenda. Matone ya kwanza yalipopiga mpera, niliona vile viota vinabadilika rangi, vinarudi kuwa vyeupe, vinalainika, vinarefuka kuelekea chini.

Nilikimbia mpaka ukingoni. Mama akanifuata na beseni ameliweka kichwani asilowe, ananigombeza, utapigwa na radi wewe, una nini, ni wazimu gani huu.

Kitu kikaanguka kwenye mkono wake.

Alitaka kukifuta. Halafu akasogeza mkono karibu na macho. Kilikuwa kidogo kuliko punje ya mchele, cha rangi ya chai, na kilikuwa kikipiga mkia kwenye ngozi yake, kinatafuta maji.

"Iko na mukia," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Inatembea."

"Ndiyo."

Akatazama juu. Kutoka kila kiota vilikuwa vikidondoka sasa, viwili vitatu kwa pamoja, vinaning'inia kwa ute kidogo halafu vinaachia. Akatazama chini. Kila kilichogusa yale maziwa kilijikunja mara moja, kikanyooka, kikatulia. Nilidhani atalia, au atanilaumu, au atasema mapenzi ya Mungu kama anavyosema kwa kila kitu. Alishusha beseni kichwani, akavua viatu na kuingia majini. Mama yangu, ambaye hajawahi kumgusa chura. Maji yakamfika magotini, yakamfika mapajani, chokaa ile ikimla ngozi, na yeye ameinua beseni kwa mikono yote miwili chini ya tawi.

"Mama, toka! Toka mu mayi, itakuunguza!"

Hakunisikia, au hakutaka. Mvua ilikuwa imekuwa kubwa, inampiga usoni, macho yake hayakuweza kutofautisha tone na kiluwiluwi. Alisogea kushoto, akasogea kulia, beseni likijaa mvua na chokaa iliyoruka, akageuka kunitafuta ukingoni.

"Banaanguka fasi gani?" alikuwa akipiga kelele. "Wewe unabajua! Unionyeshe fasi gani!"

Niliinua mkono kumwonyesha, na mkono ukabaki hewani, maana walikuwa wakianguka kila mahali.